Mfalme Aliyekwenda Endori Usiku

Somo: 1 Samweli 28:3–25

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wagiriki wanaye Circe, mchawi aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe, na Medea, aliyezijua sumu kwa majina yake. Waingereza wanaye Morgan le Fay wa ngano za Mfalme Arthur. Biblia nayo inaye mwanamke wa namna hiyo, ila yeye hakupewa hata jina. Anakaa Endori na kazi yake ni kuita wafu. Wachoraji wa Ulaya walimpa pua ndefu na mgongo uliopinda, lakini Maandiko hayatuambii hata umri wake. Tunaambiwa tu alichofanya usiku mmoja alipobishiwa hodi na mfalme.

Na sura hii, ukiisoma taratibu, ni ya mfalme zaidi kuliko ya mganga.

Samweli amekwisha kufa, amezikwa Rama. Wafilisti wamepiga kambi Shunemu, Israeli wako Gilboa. Sauli anatazama jeshi la adui na moyo wake unatetemeka. Anamwuliza Bwana, na Bwana hajibu: si kwa ndoto, si kwa Urimu, ile kura takatifu ya kuhani, si kwa manabii. Kimya. Mwandishi ametutangulizia jambo jingine katika mstari wa 3: Sauli huyu ndiye aliyewafukuza nchini wenye pepo wa utambuzi na wachawi. Alifanya vyema, maana Kumbukumbu la Torati 18:10–12 iko wazi. Sasa anawageukia watumishi wake na kuwaambia wamtafutie mwanamke wa namna hiyo hiyo.

Angalieni wanavyomjibu. Hawaombi muda wa kwenda kuulizia. Jibu liko tayari mdomoni: yuko mmoja, Endori. Marufuku ilitoka ikulu, na ikulu ilijua mganga anakaa wapi.

Mwenye ramani ya Biblia aifungue. Shunemu iko upande wa kusini wa kilima cha More, na Endori iko upande wa kaskazini. Sauli aliyeko Gilboa, kusini zaidi, hawezi kufika Endori bila kuizunguka kambi ya Wafilisti. Mtu aliyetetemeka alipowaona kwa mbali mchana, usiku anapita karibu nao ili apate ramli! Anavua mavazi ya kifalme, anavaa mengine, anachukua watu wawili. Mwanamke anaogopa kuwa anategwa, anamkumbusha alichofanya Sauli kwa watu wa kazi yake. Ndipo Sauli anamwapia kwa jina la Bwana kwamba hatapatwa na adhabu yoyote. Anamtaja Mungu ambaye sheria yake anaivunja, amlinde mtu anayemsaidia kuivunja. Sijakutana na kiapo cha ajabu zaidi ya hicho.

Je, aliyepanda alikuwa Samweli kweli? Mababa wa Kanisa walibishana. Origen alisema ndiye, Eustathius wa Antiokia akaandika kitabu kizima kumpinga. Mimi sitawachosha na hilo. Nasoma andiko lilivyo, nalo linasema Samweli. Mwanamke mwenyewe alipiga ukelele alipomwona, kama mtu aliyepata kitu ambacho hakukitegemea.

Lililo zito kwangu ni kwamba Sauli hakupata neno jipya. Samweli anamrudishia yale yale aliyomwambia akiwa hai: ufalme umeondolewa, umepewa Daudi, kwa sababu hukuitii sauti ya Bwana katika habari ya Amaleki. Kipya ni siku tu: kesho. Na katika sura ya 15 Samweli alikwisha kumwambia kwamba kuasi ni kama dhambi ya uchawi. Sauli alilisikia neno hilo akadhani ni mfano wa kuhubiria. Miaka ikapita, akaishia mlangoni pa mganga kwa miguu yake mwenyewe.

Kosa lilianzia pale kwenye kimya. Mungu kunyamaza si jambo geni kwa watu wake. Daudi aliimba Zaburi ya 13, “Hata lini, Bwana,” na hatuoni akikemewa kwa kulalamika. Ayubu alilalamika sura baada ya sura. Kwa Sauli usiku ule sisomi toba, sisomi machozi mbele za Bwana, wala hata ugomvi na Bwana. Aliuliza, hakujibiwa, akaenda dirisha la pili. Kimya ambacho Daudi alikigeuza kuwa zaburi, yeye alikiona kama ofisi iliyofungwa. Mwandishi wa 1 Mambo ya Nyakati 10:13–14 anapotoa hesabu ya kifo chake anaweka kosa hilo kwa jina la Sauli. Mwanamke wa Endori hatajwi kwa adhabu mahali popote. Kazi yake imehukumiwa na Torati waziwazi, sitaki mtu aondoke hapa akidhani naitetea. Lakini aliyeitwa mbele za Mungu kujibu kwa usiku ule ni mteja.

Sasa niwapeleke kwa mfalme mwingine. Mwaka 1590 James wa Sita wa Scotland alirudi kutoka Denmark na mke wake mpya, Anne, baada ya safari zilizosumbuliwa na dhoruba. Ikasemwa kwamba dhoruba zile zilirogwa. Kati ya waliokamatwa huko East Lothian alikuwamo Agnes Sampson, mama aliyejulikana kijijini kwa kutibu wagonjwa. Mfalme alimhoji mwenyewe katika jumba lake la Holyrood. Walimnyoa nywele, wakamfunga kamba kichwani na kuikaza, wakamnyima usingizi, mpaka akakiri. Januari 1591 alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto Edinburgh. Mwaka 1597 mfalme huyo alichapisha kitabu juu ya mashetani na wachawi, na mwanzoni kabisa mwa kitabu anamleta mwanamke wa Endori kama ushahidi. Nadhani hakuona kwamba katika sura ile mshtakiwa ni mfalme.

Watafiti wanakadiria kwamba Scotland iliwaua watu wapatao 2,500 kwa tuhuma za uchawi kati ya 1563 na 1736, wengi wao wanawake. Na tusikwepe: mabaraza ya wazee wa kanisa, pamoja na wachungaji wao, yalikuwa sehemu ya kukusanya ushahidi. Walikuwa na mstari mkononi, Kutoka 22:18. Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland ulikiri sehemu yake na kuomba radhi. Miaka karibu 300 baadaye, ndiyo, lakini walisema.

Turudi nyuma kidogo: Uingereza ilibadilisha sheria. Ile ya 1735 haikumtafuta tena mtu aliyeroga. Ilimtafuta anayejidai kuroga au kuita mizimu, yaani tapeli. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomtia jela Helen Duncan, mwanamke aliyejidai kuita wafu, mwaka 1944, katikati ya vita. Novemba 1941 manowari ya Barham ilizamishwa katika Bahari ya Kati na zaidi ya mabaharia 800 wakafa, na serikali haikutangaza mpaka mwaka uliofuata. Portsmouth, mji wa wanamaji, Helen Duncan alifanya vikao vya kuita wafu, watu wakilipa kuingia. Inasimuliwa kwamba katika kikao kimoja alitokea “baharia” wa Barham. Polisi walivamia kikao chake Januari 1944, akafungwa miezi tisa. Mchunguzi mmoja, Harry Price, alikuwa amehitimisha tangu 1931 kwamba kitu cheupe kilichomtoka mdomoni gizani katika vikao vyake ni kitambaa chepesi alichokimeza kabla.

Ukisoma habari hizo ni rahisi kucheka. Mimi huwafikiria waliokaa kwenye viti. Mama ambaye mwanawe yuko baharini, hajapata barua, wakubwa wamefunga midomo. Sauli angalau alinyimwa jibu kwa kuasi kwake; mama huyu hakuasi kitu. Isaya 8:19 inauliza kama inafaa watu waende kwa wafu kwa ajili ya walio hai, na jibu ni hapana. Lakini hapana hiyo, ikitamkwa na mtu ambaye hakuwahi kwenda kukaa na huyo mama sebuleni kwake, ina ugumu ambao sioni kwa Bwana wetu.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1951, na baada ya hapo Gerald Gardner, mstaafu wa idara ya forodha aliyekuwa amefanya kazi Malaya, akajitokeza hadharani kuitangaza dini inayoitwa Wicca. Doreen Valiente, mwanamke aliyekuwa kuhani ndani yake, akaiandikia mengi ya maneno ya ibada. Katika sensa ya 2021 ya England na Wales watu wapatao 13,000 walijiandikisha kuwa wa Wicca. Wanaadhimisha mwezi na majira, wanamheshimu mungu wa kike na wa kiume, na wengi wao hawaamini kwamba shetani yupo. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanawaona TikTok na mishumaa yao, karata zao na mawe yao ya fuwele, halafu sisi wakubwa tunajibu kwa neno moja, waabudu shetani. Hilo ni kuwasingizia, na amri ya kutomshuhudia jirani uongo haijaweka watu wa kuruka. Waambieni vijana lililo kweli: karata inajibu kila mara ukiiuliza, na hapo ndipo mvuto wake ulipo kwa mtu aliyechoka kungoja. Mungu wa Biblia hakuahidi kujibu kila ukibonyeza.

Lakini Endori yetu haiko Uingereza. Iko kwenye nguzo ya umeme: mganga, namba ya simu, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi, kupandishwa cheo, kurudisha mali iliyoibwa. Siku hizi huna haja ya kuvaa kanga ya kujifunika uso, unatuma ujumbe na hela inakwenda kwa simu hiyo hiyo yenye Biblia ndani. Mbao zile zingekwisha kung'olewa zamani kama wateja wangekuwa wasioamini peke yao. Kila mchungaji aliyekaa usharika mmoja kwa muda analijua hili na hawezi kulitaja madhabahuni. Na tusiwacheke. Wengine wetu tumehamishia Endori ndani ya kanisa, tunauza maji na mafuta kwa bei, chupa kubwa kwa tatizo kubwa. Mtu haji tena kumlilia Mungu aliyenyamaza, anakuja kununua kitu kitakachomlazimisha aseme.

Safari hii ya usiku haimgharimu aliyeifanya peke yake. Fuateni nyayo zake. Mtoto anaumwa, ng'ombe wanakufa, biashara imekwama. Muumini anakwenda kuuliza. Anayepiga ramli hawezi kumjibu “sijui,” maana hajalipwa kwa hilo. Anamwonyesha mtu, na mara nyingi ni wa ukoo au wa jirani. Usukumani imekuwa kwa miaka bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika kupikia watoto na wajukuu. Kilifi mvi tu zinatosha, hasa pakiwa na shamba la kurithi. Pale Ganze kuna kimbilio la wazee, Kaya Godoma, waliokimbia watoto wao wenyewe. Mei 2008 huko Kisii wazee wasiopungua 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925, Tanganyika tangu 1928, na panga hazikungoja mahakama.

Kwa hiyo tunapoomba dhidi ya wachawi, na tunaomba sana, kwa sauti, kwa kurusha mikono, “mchawi afe kwa moto,” naomba tukumbuke nani anasikiliza nje ya dirisha. Kijana mwenye kiberiti anaweza kuipokea amina yetu kama ruhusa. Mimi ningeomba sala hiyo iondolewe kabisa katika mikesha yetu. Najua wapo wasiokubaliana nami, na tumekwisha kulijadili mpaka usiku.

Jumuiya zitakazokutana wiki hii zimwalike mzee mmoja anayekaa peke yake, na asome yeye kama macho yanamruhusu. Halafu, tafadhali, msiishie mstari wa 19 kama ilivyo desturi, pale unabii unapokwisha. Someni mpaka 25. Sauli ameanguka chini kwa urefu wake, hajala mchana kutwa wala usiku kucha, na wenzake wawili hawajui la kufanya. Mwanamke anamwambia: nimekusikiliza nikahatarisha maisha yangu, sasa na wewe unisikilize. Anachinja ndama aliyenona, anakanda unga, anaoka mikate isiyotiwa chachu, anawaandalia. Mfalme aliyekuwa na amri ya kumwondoa nchini anakula kwake. Jadilianeni kwa nini Roho Mtakatifu aliona vyema mistari hiyo sita ibaki katika Maandiko, na kwa nini mfalme James aliyeyajua Maandiko hakufika huko.