Kuku mmoja, mayai ya bata na mashine ya kuazima

Kenge alimchukua bata wangu jike akiwa ameshataga mayai saba. Ni hawa bata wetu wa kienyeji wenye vinundu vyekundu usoni, ambao mayai yao huchukua siku 35 hivi kutotolewa, si 28 kama ya bata wengine. Hilo nililijua. Nilichokosea ni kitu kingine.

Nilikuwa na koo mweusi aliyeanza kuatamia, yule ambaye ukimsogelea anavimba na kukudonoa mkono. Nikampaka majivu chini ya mbawa kwa ajili ya utitiri, nikamwekea mayai saba ya bata na, kwa tamaa, manne ya kuku. Yote siku ileile.

Usiku wa siku ya kumi niliyapima kwa tochi ya simu. Unalikamata yai kwa kidole gumba na cha shahada, upande butu ukae juu ya mwanga, na kiganja kinaziba mwanga usitoke pembeni. Ya bata sita yalikuwa na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi ya mchicha. La saba lilikuwa jeupe tupu, nikalitoa.

Siku ya 21 vifaranga wa kuku wakatoka, wote wanne. Nikashangilia. Kesho yake saa tatu asubuhi nikamkuta koo jalalani anawafundisha wanawe kuchakura, kiota kipo wazi, mayai sita ya bata ya baridi kama mawe ya mtoni. Nikamrudisha, akatoka. Nikamrudisha tena, akanidonoa na kutoka.

Bibi jirani alikuwa anaanua nguo. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Sasa wewe, mjukuu wangu, ulimchanganyia siku moja? Kuku akishasikia sauti chini yake, kazi kwake imeisha. Ya kuku ungeongeza baada ya wiki mbili."

Wiki mbili. 35 kutoa 21. Hesabu ya darasa la pili.

Kijana mmoja mtaa wa pili ana mashine ndogo ya kutotolesha, na siku hiyo ilikuwa tupu. Kabla ya kuyaweka niliyapima tena: matano yalikuwa na kivuli kinachochezacheza, moja lilikuwa viza. Kiinitete kilichokwisha kukua hustahimili baridi ya saa chache vizuri kuliko nilivyodhani.

Tuliweka nyuzi 37.5. Trei zake za kugeuza ni za mayai ya kuku, ya bata hayaenei, kwa hiyo niliyalaza, nikaandika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, nikawa nageuza kwa mkono asubuhi, mchana na usiku. Kila siku nilifungua kifuniko dakika kumi na tano, nikayanyunyizia maji ya uvuguvugu. Bata mwenyewe hutoka kwenda kula na kuoga, akarudi na manyoya mabichi, mashine haiogi. Siku ya 32 niliacha kugeuza, nikaongeza maji mpaka unyevu ukapita asilimia 70.

Umeme ukakatika usiku wa siku ya 33, kwa saa nne. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, nikazipanga ndani, nikafunika mashine kwa blanketi huku nikiacha matundu ya hewa wazi. Sikulala.

Siku ya 34 jioni yai la kwanza likapasuka kidogo, na ukiliweka sikioni unasikia kugongagonga na sauti nyembamba. Halafu kimya, saa nyingi mno. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia: nikabandua ganda la moja kwa kucha, damu ikatoka kwenye utando, maana mishipa ilikuwa haijakauka. Yule akafa. Manne mengine sikuyagusa, na kufikia usiku wa siku ya 36 yote yalikuwa yametoka, bata wa njano wenye mabaka meusi.

Nilijaribu kuwasukumia kwa koo usiku. Vifaranga wake walikuwa na wiki mbili tayari, akamdonoa mmoja kichwani. Nikawatoa, nikawalea kwenye boksi lenye taa, maji yakiwa kwenye kisahani chenye kokoto ili wasilowe, kwa sababu walikosa mama wa kuwapaka mafuta ya manyoya yake.

Sasa koo mwingine ameatamia, mayai manane ya bata peke yake. Tarehe nimeiandika ukutani kwa mkaa, na chini yake tarehe ya kuongeza ya kuku.