Kidokezo Kwanza, Jina Baadaye

Februari mwaka jana binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi yenye mraba wa herufi, ambamo yalifichwa majina kumi na mawili ya Wamarekani Weusi mashuhuri. Aliyapata yote kabla maji ya chai hayajachemka. Nilipomwuliza Tubman alikuwa nani, aliweka kidole mahali jina lilipopita mshazari, akanijibu kwa furaha, "Huyu hapa, Mama."

Sikumlaumu, kwa sababu karatasi yenyewe haikumtaka zaidi ya hapo. Mraba wa herufi hupima wepesi wa macho, na jicho la mtoto laweza kuziokota herufi sita za TUBMAN bila kujua kama ni mtu, mji au aina ya samaki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitunga mafumbo yangu mwenyewe kwa ajili ya kikundi kidogo cha watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, ambao hukutana nami Jumamosi asubuhi. Fumbo la maneno linalifaa sana somo la historia ya Wamarekani Weusi, ila ni sharti historia yote ikae katika kidokezo, na jina lije mwishoni kama malipo ya aliyefikiri. Sisi tuliolelewa kwa vitendawili tunalijua hilo tangu utotoni: anayesema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" hatangulizi jawabu, na aliyeshindwa hutoa mji.

Fumbo langu la kwanza lilikuwa na majawabu mawili tu, yote ya mtu mmoja. Kidokezo cha jina la kwenda kulia kilisema: "Hili ndilo jina nililopewa nilipozaliwa utumwani Maryland. Nilitoroka mwaka 1849, kisha nikarudi mara 13 hivi kuwatoa wengine wapatao 70." Kidokezo cha jina la kushuka chini kilisema: "Hili ni jina la ukoo wa mume wangu, na kwa hilo dunia inanijua." ARAMINTA na TUBMAN hukutana katika herufi M, ambayo ni ya nne katika majina yote mawili, kwa hiyo yakijazwa hufanya msalaba mzuri katikati ya karatasi. Watoto walibishana kwa muda mrefu kuhusu sababu za mtu kubadili jina, nami nikawaongezea Isabella, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la New York, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, na ambaye mwaka 1843 alijiita Sojourner Truth kwa hiari yake mwenyewe. Habari ya Kiholanzi iliwasisimua kuliko nilivyotarajia. Hawa ni watoto ambao nao huiacha lugha moja mlangoni na kuingia darasani na nyingine.

Ugumu ulikuja kwa Phillis Wheatley, aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kufikishwa Boston mwaka 1761, na ambaye mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London. Kidokezo changu kilikuwa hivi: "Jina langu la kwanza ni la meli iliyonileta. Jina langu la pili ni la watu walionunua mwili wangu. Jina nililoitwa na mama yangu ni lipi?" Kwa majina mawili ya kwanza nilichora visanduku saba na vinane. Kwa la tatu nilichora mstari mtupu. Mvulana mmoja wa miaka tisa, ambaye hawezi kuvumilia fumbo lisilokamilika, aliniuliza, "Mwalimu, la tatu lina herufi ngapi?" Nikamwambia kwamba hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyeliandika. Alishika kalamu yake kitambo bila kusema neno, kisha akachora kisanduku kimoja juu ya mstari ule na kukiacha wazi. Nimeihifadhi karatasi hiyo.

Lakini mtu ninayemtumia kuliko wote ni Frederick Douglass, kwa sababu yeye mwenyewe alijifunza kuandika kwa njia ambayo haina jina jingine ila mchezo wa maneno. Alizaliwa utumwani Maryland mwaka 1818, akapelekwa Baltimore akiwa mtoto, na huko mke wa bwana wake akaanza kumfundisha herufi mpaka mume akamkataza, akisema kwamba mtumwa akishajua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Katika tawasifu yake ya mwaka 1845 anasimulia alivyokuwa akiweka mkate mfukoni kila alipotumwa, akaugawa kwa watoto wa Kizungu wenye njaa waliokuwa mitaani, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma. Kuandika alikuanzia mahali pa kuundia meli. Maseremala walipomaliza kuchonga ubao waliutia alama: L kama ni wa upande wa kushoto wa meli, S kama ni wa kulia, kisha F kwa mbele au A kwa nyuma. Kwa kutazama tu mbao zinavyokwenda mahali pake, Douglass alizifumbua herufi hizo nne. Baada ya hapo kila alipokutana na mvulana aliyejua kuandika alijigamba kwamba naye anajua, na yule mvulana alipobisha, alimwandikia zile nne na kumpa changamoto amshinde. Mvulana aliandika herufi zaidi ili ashinde, na Douglass akaondoka nazo.

Somo hili tunalitenda kwa mikono. Ninakata vipande vya boksi, ninaviandika LF, SF, LA na SA, kisha ninawaachia watoto waunde meli bila kuwaeleza alama zina maana gani. Huwachukua kama robo saa kugundua, na wanapogundua hupiga kelele. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba katika North Carolina sheria ya mwaka 1830 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Nikitangulia na sheria, huisikia kama tarehe nyingine. Nikiisema wakati wangali wameshika vipande vya boksi, hukasirika.

Kuna upande mwingine ambao nilisita kuufundisha, nao ni kwamba fumbo liliwahi pia kuwa silaha. Kwa miongo mingi majimbo ya Kusini yaliwazuia raia Weusi kupiga kura kwa kuwatungia mitihani ya kusoma na kuandika. Karatasi moja ya Louisiana ya mwaka 1964 ina maswali 30 ya kujibiwa kwa dakika 10, na inaeleza wazi kwamba kosa moja tu linatosha kumwangusha mtahiniwa. Swali moja linamtaka mtu aandike, kwa kuelekea mbele, neno lenye maana ya kinyumenyume, na limeandikwa hivi kwamba hata msomi atajiuliza alisome vipi. Niliwatungia wakubwa wa kikundi, wenye miaka kumi na miwili na kuendelea, maswali matano ya namna hiyo kwa Kiswahili, baada ya kuwaeleza kwanza yalitumika wapi na kwa nini. Binti mmoja alisukuma karatasi yake mbele akasema kwamba swali la tatu lina majibu mawili, na yote ni sahihi. Mwenzake akamwuliza, "Basi anayeamua ni nani?" Sikuwa na la kuongeza, kwa kuwa katika ofisi za uandikishaji aliyeamua alikuwa karani aliyesahihisha, na karani huyo aliweza kuamua atakavyo. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ndiyo iliyoisimamisha mitihani hiyo katika sehemu kubwa ya Kusini.

Niliwapa pia jibu la wenyewe waliotahiniwa. Mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina, shule ya usiku kwa watu wazima ilifunguliwa katika vyumba vya nyuma ya duka, ili wapita njia waone duka tu. Septima Clark, mwalimu aliyekuwa amefukuzwa kazi kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, alikuwa miongoni mwa walioiasisi, na mwalimu wa kwanza wa shule hiyo alikuwa Bernice Robinson, mtengeneza nywele. Waliwafundisha wakulima kuandika majina yao na kuisoma fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Fomu yenyewe ndiyo iliyokuwa kitabu chao.

Jambo moja silifanyi, ingawa nimeona likipendekezwa kwa walimu: kuwapanga watoto wacheze mnada wa watumwa au walale sakafuni kama walio ndani ya meli. Mtoto anayepewa sehemu ya mnunuzi hujifunza kucheka, na anayepewa sehemu ya anayeuzwa hujifunza jambo baya zaidi. Kipande cha boksi chenye herufi kinatosha.

Siku hizi vidokezo wanatunga wenyewe, nami ninabaki kusahihisha tarehe. Jumamosi iliyopita binti yangu, yule yule wa mraba wa herufi, alisimama mbele ya wenzake na kusoma kidokezo chake: "Nilikuwa na miaka 15. Nilikataa kumpisha Mzungu kiti katika basi la Montgomery mwezi Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Herufi sita." Wawili walijibu PARKS, wakahesabu, wakakuta tano. Hakuna aliyejua jawabu, basi wakampa mji, naye akachagua Mombasa, akakaa humo dakika nzima akijivuna kabla ya kuwaambia kwamba ni Claudette Colvin.