Nguo za midoli zinanilipia fremu, na waliosema "punguza tu vipimo" sijawasahau

Kuna kauli moja ikitajwa mbele yangu napandwa na hasira mpaka leo: "nguo ya mdoli si nguo ya mtu tu, unapunguza vipimo basi." Niliambiwa na mafundi wenzangu, nikaambiwa na muuza vitambaa, nikaambiwa hata na jamaa ambaye kutunga uzi kwenye sindano hajui. Mimi nashona Temeke, kafremu kadogo, cherehani mbili na meza ya kukatia, na sasa hivi kodi ya fremu sehemu kubwa inatoka kwenye nguo za midoli, sio sare za shule wala magauni ya sendofu. Kwa hiyo nikiongea hapa siongei kwa kusikia.

Barbie ana urefu wa kama sentimita 29, ukimlinganisha na mtu ni moja ya sita. Sawa, vipimo utagawa kwa sita, je kitambaa utakigawa na nini? Uzi ni uleule, unene ni uleule. Kitenge kizuri unachomshonea mama mtu mzima, ukimvisha Barbie ni sawa na wewe uvae godoro. Weka sketi, weka bitana, weka mkanda, kunja pindo, kile kiuno kisichofika hata sentimita kumi kinajaa matabaka na mdoli anaonekana ana mimba ya miezi saba. Na wenyewe wanalijua hilo, Kim Culmone, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa Barbie kule Mattel, kampuni inayomtengeneza, aliwahi kueleza mwaka 2014 kwamba umbo lile halikukusudiwa liwe kama la mtu halisi, liliwekwa vile ili nguo ziingie na kutoka kirahisi. Watu wanabishana kuhusu kile kiuno, mimi kama fundi nasema asante.

Sasa vitambaa gani? Mitandio ya kotoni, vile vitambaa laini vya madera, bitana nzuri, na leso za mfukoni za kiume. Leso sikuachii hivihivi, ukingo wake umeshakunjwa na kushonwa kiwandani, vizuri kuliko utakavyokunja wewe, unauweka ukingo uwe pindo la chini la gauni, kazi nusu imeisha. Soksi mpya ya mtoto inatoa sweta, ile sehemu ya mpira inakuwa shingo. Vipande vingine naokota kwa mafundi wenzangu bure, wao wanaona takataka.

Kitenge sijasema usitumie, wateja wanakitaka sana, ila chagua chepesi na tatizo lake jingine ni maua. Ua moja la kitenge linafunika kifua chote, mdoli anakuwa kavaa duara la njano na haijulikani duara la nini. Hapo nilibuni kitu changu mwenyewe: nilichukua manila ngumu nikakata katikati tundu lenye umbo la gauni la mdoli, mbele kamili na sketi. Naingia nayo Kariakoo, mtaa wa Uhuru, naitelezesha juu ya vitenge vilivyopangwa, nachungulia kwenye tundu, nikiona pale ndani pametulia, yaani mchoro umekaa kama gauni limechorwa kwa ajili yake, nachukua. Wauzaji mwanzoni walidhani natafuta kitu cha kiganga. Mzee mmoja aliniambia "mwanangu hapa tunauza kwa macho, hatuuzi kwa madirisha." Siku hizi wananiita wenyewe, "fundi midoli njoo na dirisha lako, mzigo umeshuka."

Halafu muuzaji akikuapia kitambaa hakichuji, wewe mwitikie halafu nenda nyumbani ukakiloweke. Nyekundu na nyeusi zinapiga rangi mwili wa mdoli, na ikishaingia kwenye ile plastiki sabuni haitoi. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Kushona kwenyewe sina maneno mengi. Usikate kwanza, chora, shona juu ya mstari, ndo ukate, maana ukikata kwanza kipande kinamezwa na meno ya cherehani. Chini weka karatasi laini, ukimaliza unaichana. Mkono wa gauni unaushona nguo ikiwa bado imefunguka. Mgongo uache wazi hadi chini ya kiuno, vile vidole vya mdoli vinakwama kila mahali na mtoto hana subira.

Sasa niwape ya khanga, hii ndo najivunia kuliko zote. Kuna dada yupo Muscat alitaka mdoli wa mwanae avae khanga kabisa, yenye pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (ule msemo). Sio kipande kilichokatwa kwenye khanga, maana ukikata unapata ua moja la korosho na nusu herufi. Khanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na hapa nakubali kugawa kwa sita kunafanya kazi, inatoka sentimita 25 kwa 18, yaani inaingia kwenye A4 na nafasi inabaki. Nikaipiga picha khanga ya mama yangu, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, nikaipeleka kwa kijana mmoja wa steshenari anayechapa tisheti na vikombe.

Nikampa kotoni nyeupe nzuri kabisa. "Hamna shida bro." Shida ilikuwepo, kwa sababu ule wino unaohamishwa kwa joto unashika polista, kwenye pamba unakaa juujuu tu, nilivyoifua ikabaki kivuli cha khanga. Haya, nikanunua polista. Safari hii rangi zimewaka mpaka raha, nyekundu nyekundu kweli, korosho zimekaa, nikainyanyua nisome jina: ITAKIS AAMAT ITAPIS OPAJ. Ile picha inatakiwa ichapwe kwenye karatasi kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili ikipigwa joto juu ya kitambaa isomeke. Hakuigeuza. Namuonyesha, anaangalia, anasema "kwani mdoli anasoma?" Na hela yake anataka yote! Tulibishana pale mpaka mwenye chipsi wa jirani akaja kuamua, akaisoma ile khanga kwa sauti, akasema inaonekana ni Kiarabu.

Ilivyokuja kutoka sawa, bado. Polista haianguki mwilini, mdoli umemzungushia khanga imesimama pembeni kama haimjui. Nikashauriwa nishonee shanga kwenye pindo iwe nzito, nikashona, mdoli akawa hasimami. Ndo nikakumbuka sketi za marinda za shule, zile za polista, ukiyapiga pasi ya moto marinda hayatoki hadi mtoto anamaliza darasa. Polista ikipata moto imekunjwa, ikapoa imekunjwa, inabaki hivyo. Kwa mdoli mwenyewe huwezi, mvuke utamharibu. Nikatafuta kitu chenye unene wa kiuno chake nikakipata: mpini wa fagio. Nikakata kipande, nikaizungushia khanga kama mwanamke anavyojifunga, mikunjo nikaibana kwa uzi, nikaishika juu ya mvuke wa birika, halafu nikaiacha ipoe bila kuigusa. Kuifungua, imelala kwenye nyonga za mdoli kama mama anaenda sokoni. Doti nzima, moja kiunoni moja kichwani. Nauza kama elfu kumi na tano hivi, ya Muscat ilienda zaidi na sitasema ngapi. Mke wangu anafagia kwa kuinama tangu siku hiyo, fagio nimeahidi.

Wale wa "mwanaume mzima unacheza na midoli" huwa siwajibu sana, nawaambia tu hii ni ajira ya watu. Charlotte Johnson, aliyebuni nguo za kwanza za Barbie zilizotoka 1959, alipelekwa Japani kusimamia maana zilikuwa zinashonwa kule, zikiwa na bitana na vizipu vidogo vya kweli. Carol Spencer alianza pale Mattel 1963 akakaa zaidi ya miaka thelathini. Barbie mweusi wa 1980 na gauni lake jekundu ni kazi ya Kitty Black Perkins. Wote wamefanya kazi kwa nguo zinazoenea kwenye kiganja.

Soko ambalo hakuna aliyenishauri, na ndo linalonilisha, ni waoka keki. Ile keki ya mdoli ya birthday ya mtoto wa kike, mdoli kachomekwa katikati na sketi ni krimu, juu huwa wanamzungushia krimu hivyohivyo, akitolewa yuko uchi na mtoto analia. Nikawafuata na vinguo kamili, sketi fupi imekunjwa kwenye kimfuko, keki ikiisha mdoli anavaa. Kinguo elfu tano sita, bei inaonekana ndogo, lakini wanachukua kwa mkupuo na wanalipa palepale. Watu wa sendofu nao wanataka mdoli avae sare ya kamati, hao wape bei ya juu, wanasumbua.

Na ukipokea oda uliza mdoli yupi. Tangu 2016 Barbie ana maumbo mengine, kuna mrefu, kuna mfupi, kuna mnene wa hipsi, na gauni la yule wa zamani kwa huyu wa hipsi halipiti hata ulipake mafuta. Mteja atakwambia "Barbie wa kawaida", usikubali, mwambie atume picha kasimama bila nguo pembeni ya rula. Najua ni meseji ya ajabu kumtumia mke wa mtu, andika vizuri.

Wa kawaida ninao wa kupimia, nilipata kwenye mtumba wa midoli kwa elfu tatu nne. Wa hipsi bado naazima kwa jirani, mwenye naye anayeuza anitafute, hata kama nywele zimeisha.