Wifi na vipele vya mwembe

"Tangu uje wewe, wifi, mwembe huu umetoka vipele."

Barazani, mbele za watu. Wakacheka, na mimi nikacheka, nikaendelea kuchambua mchicha. Mnaomjua wifi yangu mnajua hatupi neno ovyo. Nikamwambia, "Labda umetiwa jicho." Akajibu, "Na nani?" Kisha akapuliza chai yake.

Wiki yenyewe imejaa: harusi ya mdogo wangu kule Wete imekwisha salama, mitihani ya skuli nimeshasahihisha. Lakini mimi bado nipo pale barazani. Tangu uje wewe. Angesema "mwaka huu" angepungukiwa na nini? Na ile "na nani", aliisema polepole makusudi.

Jana nikachuma jani la mwembe huo wa boribo, nikapasua kinundu kimoja kwa wembe. Wallahi nilisahau hasira. Ndani mna uwazi mdogo, na humo amelala funza wa manjano hata milimita mbili hafiki. Mamake ni kijiinzi kidogo kuliko mbu, na hutaga kwenye jani changa tu, lile jekundu linalolegea, kwa sababu jani likishakomaa halikubali tena kugeuzwa. Funza akianza kula, seli za jirani huvimba na kugawanyika upya, zikamzunguka. Za ndani zinabaki laini na kujaa chakula, za nje zinakuwa ngumu. Kinundu chote ni nyama ya jani lenyewe, mdudu hakuongeza chochote cha kwake ila mate. Na sukari iliyokuwa iende kwenye machipukizi, sehemu yake inaishia kwake.

Nikalipeleka skuli, watoto wakagombania lenzi. Nikawaeleza pia kuna utitiri usioonekana kwa macho, wenye miguu minne badala ya minane ya jamaa zake. Huo baadhi ya majani huuoteshea vinyweleo vizito, ukaishi humo humo ukila. Mmoja akauliza kwani jani halijui kama linaibiwa. Sikuwa na jibu la haraka.

Marcello Malpighi, tabibu wa Kitaliana, alishaandika mwaka 1679 kwamba vinundu vinatokana na mayai ya wadudu. Mimi leo hii nasingiziwa Pemba.

Halafu nikaona jambo. Majani ya chini, yale ya msimu uliopita, yana vinundu vikavu vyenye matundu; wenyewe walishatoka zamani. Na mimi nyumba hii nimeingia baada ya Idi! Nimeyabana kwenye daftari. Wifi akiniuliza tena "na nani", nitalifungua tu.

Ila sasa kinachonikosesha usingizi ni macho ya mama. Keshokutwa tunavuka Unguja kwa kipimo, tiketi za boti zipo, barua ya rufaa siioni. Nimepekua mkoba wote, kabati, mpaka chini ya godoro.