Gari Linakunywa Maji

Tulisimama Mikumi kunywa chai. Mjomba, badala ya kwenda kunawa mikono kama sisi, akazunguka mbele ya gari akaniambia nimfungulie boneti. Ni mazoea yake. Kala miaka ishirini na sita kwenye malori ya Dar na Tunduma, na mpaka leo gari likisimama yeye anatafuta boneti kabla hajatafuta choo.

Ilikuwa Agosti 2016. Tulikuwa tunakwenda Iringa kumtolea mahari mdogo wangu, na mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Wenyeji walishatuambia: saa kumi alasiri wazee watakuwa wamekaa. Mdogo wangu alikuwa kiti cha nyuma, suti kaitundika dirishani, kila kona anaishika isikunjike.

Mjomba akainamia kile kidumu cha plastiki cha maji ya akiba, akakitikisa. Akabonyeza paipu nene inayotoka kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa.

"Gari lako linakunywa maji, mjomba."

"Kidogo tu. Joto la Dar lile."

"Unaongeza lini na lini?"

"Mara moja moja."

Nilidanganya. Nilikuwa naongeza kila Jumamosi, karibu lita nzima, na nilikuwa na miezi miwili katika mchezo huo. Mjomba akafunga boneti, akafuta mikono kwa leso, hakusema neno. Tukaenda kunywa chai na chapati, mdogo wangu akatazama saa mara nne.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Forester ya 2003, injini ya lita mbili yenye turbo, ile ambayo silinda zake zimelala mbili kulia na mbili kushoto. Mijini watu wanazipenda kwa mlio na kwa kuchomoka. Nami nilizipenda kwa hayohayo, sisingizii kitu kingine. Gari halikuwa na kosa, nalisema mapema, maana kijiweni ukitaja tu gasketi, kile kizibo chembamba kati ya injini na hedi, yaani kichwa chake, watu wanaanza kuitukana kampuni. Makosa yalikuwa matatu, na yote yalifanyika mikononi mwangu nikiangalia.

La kwanza, temostati, ile valvu inayoyafungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Mwaka uliotangulia fundi mmoja wa Dar aliitoa wakati anabadilisha paipu, akaiweka juu ya benchi. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku itakusumbua tu." Nikamshukuru kabisa. La pili, kulanti, dawa ya kupozea injini inayozuia kutu, ilimwagika siku hiyo na haikurudishwa, tukajaza maji. La tatu ndilo linaloniuma mpaka leo: maji yenyewe. Nyumbani kwetu tulikuwa tunatumia kisima, na visima vingi vya Dar, anayeoga anajua, vina chumvi. Sabuni haitoi povu. Sufuria ya chai inaota utando mweupe. Maji hayo niliyokuwa siwezi kumpa mgeni, nikayamimina kwenye injini ya aluminiamu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikipiga mluzi.

Na sindano ya joto ilikuwa imetulia katikati. Hiyo ndiyo ilinipumbaza. Nilikuwa naitazama kila siku, haisogei, nikaamini hakuna kitu. Sikujua kwamba sindano za magari mengi ya siku hizi zimetengenezwa zisimtie dereva wasiwasi: joto likiwa 80 iko katikati, likikaribia 100 iko katikati vilevile. Inapoanza kupanda, mambo yameshaharibika. Aliyekuwa akisema kweli ni kile kidumu, nami kila kikisema nilikinywesha maji kinyamaze.

Hifadhi ya Mikumi tulikuwa tumeshaivuka kabla ya chai, kwa mwendo wa adabu, maana faini za kugonga wanyama pale si mchezo. Tukashuka Ruaha Mbuyuni. Pale bondeni joto linakukaba. Mibuyu imesimama mitupu, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye ndoo, wachuuzi wanakimbilia dirishani. Mdogo wangu akasema tusisimame. Hatukusimama. Saa nane na robo tulianza kuupanda Kitonga.

Aliyepita Kitonga hahitaji kusimuliwa. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo, malori yanayopanda yanajikongoja kwa gia ndogo, na yanayoshuka yananuka breki. Nikawa nyuma ya semi-trela iliyobeba nondo. Kila nikipata upenyo nakanyaga, turbo inaita, nalipita moja, nakuta jingine. Nilijiona dereva. Kwenye kona ya tatu au ya nne sindano ikanyanyuka. Nikadhani nimeona vibaya. Nikapunguza mguu, ikashuka. Nikakanyaga, ikapanda zaidi ya mwanzo.

"Washa hita," mjomba akasema.

"Hita, mjomba? Kwenye joto hili?"

"Washa hita, baridi ya mwisho moto, feni ya mwisho!" Alichanganya maneno, ndipo nikajua kaogopa.

Nikawasha. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari. Ukiiwasha unaiibia injini joto kidogo, na madereva wa malori wamevukia milima kwa ujanja huo. Nilitegemea upepo wa moto usoni. Ukatoka upepo wa kawaida, kisha wa baridi. Sindano karibu na nyekundu, na kwenye hita hamna joto. Mjomba akaweka kiganja mbele ya tundu la upepo, akakitoa polepole.

"Hamna maji humo. Ni hewa tupu. Simama."

Kusimama Kitonga si kazi ndogo. Nilipata kipande cha kando kinachotosha magurudumu mawili. Mdogo wangu akaruka na viatu vyake vya mahari kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi, mimi nikakata matawi nikayatandaza barabarani hatua kama hamsini nyuma. Nilipogeuka, kijana mmoja aliyekuwa anapita kwa miguu ameshafungua boneti na ameweka kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta, anataka kusaidia. Mjomba alimpiga mkono kwa nguvu kiasi cha kumwangusha. Baadaye akamwomba radhi, akampa elfu mbili. "Ningemwacha afungue," aliniambia, "sasa hivi tungekuwa tunatafuta hospitali." Kifuniko kizima kinayabana maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikifungua, yanachemka yote kwa pamoja, usoni kwako.

Tulikaa karibu saa nzima. Kidumu cha akiba kilikuwa kinatokota chenyewe, mapovu yanapanda moja moja, na maji yaliyotapika chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akachovya kidole, akanusa, akapangusa kwenye jani. Nikapendekeza tuongeze maji twende taratibu, Iringa si mbali. Alinijibu bila kuniangalia: "Gasketi umeshaiunguza. Ukiendelea utaongeza na hedi."

Ndipo likapita Fuso lililobeba matenga matupu ya nyanya, linarudi Ilula. Dereva alimfahamu mjomba tangu enzi zile, wakasalimiana kwa kelele. Msemaji wetu na bwana harusi mtarajiwa wakapanda, mmoja kwenye kabini, mwingine juu ya matenga na suti yake kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nikabaki na gari. Baadaye nilisikia walifika saa kumi na mbili, wakatozwa faini ya kuchelewa kabla hata ya kukaribishwa kukaa, na mjomba akailipa huku akisema ng'ombe mmoja wetu kapata homa njiani. Wazee walicheka, mazungumzo yakaanza.

Mimi nilivutwa usiku.

Gereji ya Iringa ilikuwa uwanja wa vumbi na mwembe mmoja, lakini fundi wake alikuwa mtu wa vipimo. Hakuanza na spana. Alijaza maji, akawasha injini, akasimika kwenye mdomo wa tenki dogo la maji lililo juu ya injini kibomba cha kioo chenye kimiminika cha buluu. Akawa anapampu hewa ya mle ipite kwenye ile buluu. "Ikibaki hivi, una bahati," akasema. Tulisimama watu watano tukikitazama. Haikuchukua dakika mbili: buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano. Moshi wa injini ulikuwa unaingia kwenye maji.

Injini ikashushwa nzima, maana zile zilizolala huwezi kuzifungua vizuri zikiwa ndani. Hedi ya kushoto ilipotoka alinionyesha gasketi. Turbo hizi zina gasketi ya tabaka za chuma tangu kiwandani, si ya karatasi, na nilitegemea kuona imepasuka. Haikupasuka. Kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea, kutoka kwenye duara la silinda mpaka kwenye tundu la maji. Basi. Uzi huo ndio ulionilaza mlimani. Kisha akalaza rula ya chuma juu ya hedi na kupenyeza ubapa wa kupimia wa milimita 0.05 chini yake: ukapita. Wa 0.10: ukapita. Hedi ilikuwa imepinda.

Alinieleza huku anakwangua. Turbo inashindilia hewa, presha ndani ya silinda inakuwa kubwa, hedi inataka kunyanyuka kila mlipuko. Inachohitaji ni joto lisiloyumba na kingo safi. Kingo zangu zilikuwa zimeliwa na chumvi, pana vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Akaniuliza iliko temostati. Nikamwambia habari ya benchi la Dar. Akacheka kwa huzuni. Kwenye injini hii, alisema, temostati ikifunguka kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye foleni hutajua. Utajua mlimani.

Halafu akanionyesha vifuniko. Vipo viwili, cha rejeta na cha lile tenki la juu, vinafanana kwa sura. Cha tenki ndicho cha kuachia presha ikizidi na kuvuta maji kutoka kwenye kidumu injini ikipoa. Vyangu vilikuwa vimebadilishana nafasi, hakuna ajuaye tangu lini.

Hedi zilikwenda mashineni kusawazishwa. Gasketi zikabadilishwa pande zote mbili, na pampu ya maji pia kwa kuwa inazungushwa na mkanda wa taiming, na mkanda ulishavuliwa. Bolti za hedi alizikaza kwa zamu kwa spana ya kipimo, akazilegeza zote, akazikaza tena, mwisho akawa anazizungusha kwa digrii, anahesabu kwa sauti. Ukimsemesha anaanza upya. Fedha yangu ya bati za nyumba ikaishia pale.

Siku ya kuliwasha, mjomba alikuja na kofia yake ya sherehe. Kulanti safi, nusu kwa nusu na maji ya kuchujwa ya betri, ilimiminwa polepole kupitia tenki la juu, pua ya gari imepandishwa kwenye kichuguu, skrubu ya hewa ya rejeta imelegezwa, mpaka ikatoka kulanti bila mapovu. Hita wazi. Mjomba alikuwa akibonyeza paipu ya chini, anaachia, anabonyeza, kama anakamua ng'ombe. Upepo ukatoka wa moto. Feni zikawaka, zikazima, zikawaka tena. Fundi hakutaka nizime haraka; aliliacha lingurume dakika kadhaa ili turbo ipoe.

"Usiondoke leo," akasema. "Acha lilale. Asubuhi likiwa la baridi tufungue tuone limekunywa kiasi gani."

Asubuhi kulikuwa na baridi ya Iringa, pumzi zinaonekana. Paipu ilikuwa laini, haina presha. Mjomba akafungua kifuniko mwenyewe, akamimina kulanti kutoka kwenye glasi ya chai ya mama ntilie wa jirani.

Ikapokea nusu glasi.