Mpira wa mbele kwa utelezi huu

Mvua ya leo mchana imeacha vilima vya Pemba utelezi mtupu. Baiskeli zilizopanda kutoka bondeni jioni hii, nyingi ugonjwa mmoja: udongo mwekundu umejaa katikati ya meno ya mpira wa mbele mpaka umekuwa laini kama chupa.

Jamani, wa nyuma ukiteleza utajiokoa. Wa mbele ukiteleza, uko chini.

Kwa hiyo mbele funga meno marefu yaliyoachana, udongo udondoke wenyewe. Ya pembeni yawe manene, ndiyo yanayoshika kwenye kona. Upana inchi 2.4 au 2.5, ila pima foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) kwanza, kama mpira utaenea. Raba laini hushika jiwe lililolowa. Kwenye lami huisha upesi, lakini mbele afadhali kuliko nyuma.

Upepo: bila tyubu, mtu wa kilo 70 aanzie psi 22 hivi. Mwenye tyubu asishuke chini ya 26, maana jiwe litaibana kwenye ringi na itatoboka matundu mawili sambamba.

Na mshale ulio ubavuni mwa mpira, ukiwa juu ya gurudumu, uelekee mbele!

Nyie wa Unguja, kwenye matumbawe makali mnajaza ngapi?