Mradi wa manati na wanyama wa chuma: sasa ni gololi

Sanamu zote nne za kulenga kwa manati zimeshakatwa na kuchomelewa vitako kwa mafundi wa Gerezani, na sasa tunachagua gololi ya kuziangushia. Umbali tumeuchukua kwa walenga shabaha wa bastola, ambao kuku wao husimama mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150 na kondoo 200. Tumegawa kwa kumi: mita 5, 10, 15 na 20. Sheria ni ileile, mnyama aanguke. Akigongwa akabaki wima, hakuna pointi.

Anayesumbua ni kondoo: bamba la milimita 8, gramu 750, kitako cha sentimita 5 kutoka mbele hadi nyuma. Gololi ya milimita 9.5 (gramu 3.5) ikimpata mgongoni anayumba kisha anatulia. Ya milimita 12 (gramu 7.1) ikimpata palepale analala. Tumboni hakuna inayomwangusha, hata hiyo kubwa. Mpira uleule wa manati, ukivutwa vilevile, huipa kila gololi nishati inayokaribiana, lakini iliyo nzito maradufu huondoka na momentamu (uzito mara kasi) zaidi kwa takriban asilimia 40 ingawa inakwenda taratibu.

Kwenda taratibu kuna gharama yake. Tunapima kasi kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde: weka alama mbili zilizoachana mita 5, hesabu picha, kisha gawa 1,200 (mita 5 mara 240) kwa idadi hiyo. Picha 22 ni kama mita 55 kwa sekunde, picha 30 ni mita 40. Kwa kasi hizo, gololi nyepesi inashuka sentimita 65 hivi ikifika mita 20. Nzito inashuka zaidi ya sentimita 120. Kosa dogo la kukadiria umbali linakuwa kubwa.

Kutumia nyepesi kwa kuku na nzito kwa kondoo kunavutia kwenye karatasi tu. Kila ukibadilisha uzito unajifunza kulenga upya. Kwa hiyo inayoongoza ni milimita 11 (gramu 5.4) kwa wanyama wote: kondoo anaanguka ikimpata juu, na mshuko bado unavumilika.

Nyingine tumeziweka kando. Za ekseli ya nyuma ya baiskeli, milimita 6.35, zina gramu moja tu. Mpira wenye nguvu ukikosa mzigo unarudi kuchapa vidole na kuchanika mapema. Gololi za kioo za watoto hupasukia kwenye chuma na kurusha vigae, hizo hapana kabisa. Za udongo husagika.

Za bearing chakavu zinafaa, ila zichambuliwe. Pima kipenyo kwa venia (kipimo chenye taya mbili), kisha uzito kwa mizani ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu. Yenye kishimo au iliyoliwa upande itupwe. Hewa ya chumvi ya Dar haisubiri: zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, zipake mafuta mepesi, zifunge kwenye chupa. Kabla ya kupiga zifute kavu, maana gololi yenye mafuta huteleza ndani ya kigozi kinachoishika na kutoka upande.

Mpira ni lateksi bapa ya milimita 0.7, upana milimita 22 upande wa panda ya manati ukipungua hadi 14 kwenye kigozi. Urefu huru ni sentimita 17 kwa mvuto wa 85, yaani mara tano. Tyubu nyeusi ya baiskeli ni ya butili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, inajirudi kivivu. Usiitegemee kwa kondoo. Lateksi isiachwe juani, inapasuka kingo, na ufa mdogo karibu na fundo ndio unaokatika ukiwa umevuta hadi shavuni.

Gololi ya chuma hurudi kwa mpigaji. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye uwanjani, na nyuma ya sanamu lining'inizwe blanketi zito lililolegea. Likikazwa linarudisha gololi kama ukuta.

Kinachofuata: kupunguza kitako cha kondoo hadi sentimita 4, kisha kuijaribu tena milimita 9.5.